Karatasi ya Kufunikia Mistari

Shiqiao, mwaka wa Jogoo, mwezi wa saba, siku ya nne

Kwa Mjomba Kuang Shouyi,

Shikamoo Mjomba. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba Mama Lian ameshafunika mitungi yake ya mboga za chumvi kabla mvua hazijaanza. Huku kwetu hatujambo. Mama bado anakohoa alfajiri, lakini mchana anafanya kazi zake zote. Anakusalimu. Aliniambia niandike "anakusalimu," si zaidi, nami nimeandika kama alivyosema.

Jana jina langu lilisomwa ofisini. Nimo miongoni mwa makarani wa wilaya wanaopelekwa mji mkuu wa jimbo kunakili karatasi za mtihani mkuu. Unajua kazi yenyewe: watahiniwa wanaandika kwa wino mweusi, sisi tunanakili kila insha kwa wino mwekundu, na watahini wanasoma nakala yetu tu, ili asiwepo atakayetambua mwandiko wa mwanafunzi wake au wa shemeji yake. Chini ya kila nakala mnakili anaandika jina lake.

Wenzangu wanafurahi kwa sababu chakula ni cha serikali. Mimi sijalala vizuri. Mzee Geng, karani mkuu wetu, anasema katika mtihani wa mwaka wa Farasi mnakili mmoja aliruka mstari mzima, wakadhani amehongwa, wakampeleka mpakani kwenye barafu. Hajarudi. Geng anaisimulia habari hii huku akila karanga.

Mjomba, sihofii mkono wangu. Nahofia macho yangu. Tangu nina miaka kumi na moja umekuwa ukiniletea vitabu vya insha zilizochapwa, na pembeni viduara vyako vya sifa kuu na vitone vyako vya sifa ndogo. Ulinikatia kile kipande cha karatasi ukaniambia: funika mstari unaofuata, andika wewe mwenyewe ambacho mwandishi angepaswa kuandika, kisha funua uone aibu yako. Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka kumi. Sijui tena kusoma kwa namna nyingine. Hata tangazo la ushuru nalifunika. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Tan Wenqiao


Meitan, mwezi wa saba, siku ya ishirini

Mpwa wangu Wenqiao,

Barua imefika ikiwa imelowa pembe moja. Sisi tu wazima. Goti ni lilelile. Mama Lian amefunika mitungi kumi na minne na analalamika kwamba huu si mwaka wa kabichi. Namtumia dada yangu tangawizi kavu kwa ajili ya kikohozi; achemshe na ganda la chungwa.

Umeniandikia kurasa tatu za hofu na mistari miwili ya habari. Ingekuwa insha ningekupa kitone kimoja, tena cha huruma.

Nisikilize. Mimi kazi yangu ni kuchagua insha zilizofaulu, kuzitia alama na kumpa Bwana Pang azichonge kwenye mbao na kuziuza kwa vijana wanaotaka kujua ufaulu unavyonukia. Nimesoma insha nyingi kuliko punje za mchele nilizokula, na wewe nilikufundisha kuzisoma kama mwizi anavyousoma ukuta: wapi pamejengwa imara, wapi udongo ni laini. Sasa nakuomba kwa siku ishirini usahau yote. Mnakili mwema hasomi. Aitazame herufi, asiitazame sentensi. Ukisoma utaliona kosa, na ukiliona kosa mkono utakuwasha.

Kile kipande cha karatasi kiache nyumbani. Mpe mama yako akitunze.

Mjomba wako


Shiqiao, mwezi wa tisa, siku ya kumi na mbili

Kwa Mjomba Kuang,

Nakusalimu wewe na Mama Lian. Nisamehe kwa ukimya. Tulipoingia, malango yalifungwa na kutiwa lakiri, na hata ganda la yai halikutoka hadi kazi ilipoisha. Mama amepona karibu kabisa. Tangawizi aliichemsha yote.

Nimerudi na vidole vyekundu. Havitakati kwa sabuni wala kwa majivu. Sokoni wachuuzi wa samaki wananiuliza nimechinja nini.

Kazi ilikuwa kama ulivyotabiri. Banda refu, meza zimebanana, msimamizi anapita nyuma yetu akiwa amevaa viatu vya kitambaa ili tusimsikie. Siku za kwanza nilitazama herufi tu. Niliifuata kila moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Nina jambo la kukuuliza, si langu. Ni la rafiki niliyekaa naye meza moja, kijana wa wilaya nyingine. Yeye pia amefundishwa kwa kufunika mistari. Siku ya sita alikuwa anainakili insha iliyouliza mtawala afanye nini watu wanapokuwa na njaa. Ilikuwa insha ya mtu mwangalifu, isiyo mbaya, inayokwenda polepole kama ng'ombe mzee. Ilipokaribia kilele chake, rafiki yangu, kwa mazoea tu, aliona kichwani sentensi inayopaswa kufuata, na mkono ukaiandika kabla jicho halijashuka. Liliposhuka akakuta mtahiniwa ameandika kitu kingine, cha kawaida, cha kumsifu mtawala.

Kufuta hakuruhusiwi. Karatasi iliyoharibika ina adhabu yake. Basi aliiacha. Mlinganishaji, ambaye kazi yake ni kusoma nyeusi na nyekundu pamoja, alikuwa na rundo lililomfika kidevuni. Alipiga mhuri na kupokea nyingine. Insha ile imeshika nafasi ya saba katika jimbo zima.

Rafiki yangu anauliza kama jambo hili lina hatari. Sentensi yenyewe hakuniambia.

Mpwa wako,
Wenqiao


Meitan, mwezi wa kumi, siku ya tatu

Mpwa wangu,

Hatujambo. Lian amejifungua mtoto wa kike, na mama yake amekwenda kumkanda, kwa hiyo nakula uji wa kujipikia.

Bwana Pang amenunua nakala za insha bora za mtihani huu, na kwa siku kumi nimekuwa nikizitia alama. Ya saba ni ya mtu wa wilaya yenu, Mo Yanlin. Insha ya ng'ombe mzee, kama alivyosema rafiki yako. Niliipa vitone hapa na pale. Kisha nikafika hapa:

"Ghala linalofunguliwa baada ya watu kuomba limechelewa mara mbili: limelichelewea tumbo, na limeuchelewea uso."

Niliiwekea viduara viwili kwa kila herufi. Katika miaka thelathini nimefanya hivyo mara tatu. Pembeni niliandika kwamba mwandishi huyu hakuyapata haya vitabuni.

Baada ya kuviweka ndipo nilipoisoma.

Wino ulinikaukia kwenye brashi. Nilikaa hadi uji ukaungua.

Nilikwenda kumwambia Pang tuitoe insha ya saba. Mchongaji alikuwa ameshaumaliza ukurasa huo. Pang alinicheka, alisema sentensi ile peke yake itauza kitabu.

Mwambie rafiki yako anyamaze na asimwandikie mtu mwingine yeyote.

Dada yangu bado analo lile bakuli la bluu lililomeguka ukingo?

Mjomba wako


Shiqiao, mwezi wa kumi na moja, siku ya tisa

Kwa Mjomba,

Salamu nyingi, na pongezi kwa mjukuu. Mama ameshona kofia ndogo ya chui, ataituma njia ikikauka. Nilimuuliza kuhusu bakuli. Alisema analo, anawekea mayai. Hakuniuliza kwa nini unauliza.

Kitabu cha Pang kimefika hapa. Nilikishika dukani nikafungua insha ya saba nikaviona viduara vyako. Mjomba, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kisha nikakirudisha rafuni.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Siku ya thelathini ya mwezi uliopita Mo Yanlin aliwaalika watu nyumbani kwake kusherehekea ufaulu wake. Ni mtu wa miaka arobaini na mitatu, amefanya mtihani mara sita, anafundisha watoto wa wauza mafuta. Walipokwisha kula wakamwomba aisome insha yake kwa moyo, kama ilivyo desturi. Mzee Geng alikuwepo, na asubuhi yake alitusimulia ofisini huku akicheka.

Mo alisimama akasoma. Kijana mmoja aliyeshindwa mtihani alikuwa anamfuatisha kwenye kitabu cha Pang. Ghafla akasema, "Bwana Mo, umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka. Lile ghala liko wapi?"

"Ghala gani?"

"Ghala lako, Bwana. Mji mzima unalizungumzia ghala lako."

Watu wakacheka. Mmoja akasema pombe imeingia ghalani ikala nafaka. Wakampa kitabu. Mo akakisogeza karibu na taa, akasoma, akasoma tena. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii si yangu. Mimi nisingeweza kuandika hivi."

Geng anasema hapo ndipo kicheko kilipoisha.

Yule kijana aliyeshindwa alikuwa mlangoni kwa hakimu kabla ya kiamsha kinywa. Mo yuko mahabusu siku ya tisa leo. Anashitakiwa kumhonga mnakili amwandikie. Jana walimbana vidole kwa vijiti ili ataje jina, na hakutaja, maana hana la kutaja. Kila asubuhi mama yake, kikongwe, anapita chini ya dirisha langu na uji katika mtungi uliofungwa kwa kitambaa.

Geng anasema ofisi ikishafungua tena mihuri yake baada ya likizo ya Mwaka Mpya, hakimu ataandika kwa jimbo wafungue sanduku la nakala nyekundu. Chini ya nakala kuna jina. "Mo atakwenda mpakani," alisema, "na huyo mwenye jina atamtangulia, lakini bila kichwa." Kisha akanikaribisha karanga.

Rafiki yangu anajua kwamba akisema leo, Mo atatoka leo. Kila siku anaamka akiwa ameamua, na kila siku ikifika saa ya kufungua ofisi anakuta ana kazi ya kunakili. Hakuniomba nikuombe lolote. Nami siombi.

Mpwa wako,
Wenqiao


Meitan, mwezi wa kumi na mbili, siku ya pili

Mpwa wangu Wenqiao,

Mjukuu anakua, ananyonya kama ndama. Mama Lian amerudi. Barua hii nimempa mbeba mizigo wa Pang na kumwambia asikupe hadi asubuhi nitakayokwenda kwa hakimu, ili usiwahi kunizuia.

Mwaka wa mafuriko wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilijua kwa mwezi mzima kwamba shamba lenu liko chini ya maji na baba yako amekufa kwa homa. Mama Lian aliniambia mara tatu, tupeleke magunia mawili. Nilimjibu kwamba dada yangu aliolewa na mtu niliyemkataza, na kwamba njia ya kuja kwangu anaijua. Siku moja nikiwa dirishani juu nilimwona anakuja kwenye tuta, na bakuli la bluu mkononi. Nilimwona kutoka mbali sana. Ningeweza kushuka. Nilisubiri hadi alipofika mlangoni, hadi alipolisema neno. Nilitaka kulisikia. Kisha nikampa gunia, tena nikajiona mwema.

Wewe ulikuwa umeshika upindo wa koti lake. Nilidhani mtoto wa miaka tisa hajui kusoma.

Miaka miwili baadaye nilianza kukuletea vitabu. Hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Kesho naondoka. Nitamwambia hakimu kwamba nilipokuwa natayarisha kitabu niliibadilisha sentensi ya Mo ili kitabu kiuzwe. Watu wa kazi yangu hufanya hivyo kila siku na hakuna asiyejua. Wataifungua karatasi nyeusi, wataona inalingana na alivyoisoma Mo mezani, na hawatakuwa na haja ya ile nyekundu. Hakuna afisa anayependa kulifungua sanduku linaloweza kumfukuzisha kazi. Watanishukuru, halafu watanichapa.

Ukiniona hunijui. Jina langu si jina lako, hilo ni jambo zuri. Usiseme neno. Ukisema tutakufa wawili na Mo atakuwa wa tatu, kwa kuwa watasema sisi sote tulikula njama.

Hukuniomba. Nimezisoma barua zako zote tena, mstari kwa mstari, nikitafuta mahali ulipoomba, na hapapo. Basi mara hii nimewahi.

Zichome zote.

Mjomba wako


Meitan, mwaka wa Mbwa, mwezi wa tatu, siku ya kusafisha makaburi

Kwa Mjomba,

Nakusalimu mahali ambapo salamu zinapokelewa kwa moshi. Mama Lian hajambo, nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Mjukuu ameota jino. Mama amekuja nami. Tumetembea siku mbili, na hakukohoa.

Barua hii naichoma hapa kaburini pamoja na karatasi nyingine. Zile zako nilizichoma kama ulivyosema, isipokuwa sasa naona nazijua kwa moyo, na hilo sina namna ya kulichoma.

Umeyaona mwenyewe ya siku ile, lakini hukuniangalia, kwa hiyo hujui yalikuwaje upande wangu. Ulipopiga magoti na kutaja jina lako, hakimu aliagiza ungamo lako linakiliwe vizuri kwa ajili ya jimbo. Geng alinyoosha kidole bila hata kuinua kichwa. "Mpeni Wenqiao. Mkono wake ni safi."

Nilinakili. Uliliandika vibaya kwa makusudi, najua: maneno mengi, hakuna uti wa mgongo, ungamo la mchuuzi wa vitabu. Pale ulipoandika "sentensi hiyo ni yangu," brashi ilisimama. Katika ukurasa mzima huo ndio uongo uliokuwa wazi, na mtu yeyote anayejua kusoma angeona kwamba aliyeandika mistari ile hakuweza kuandika lile ghala. Hakimu hakuona. Nililinakili neno kwa neno. Sikubadilisha hata moja.

Kisha wakakulaza uani. Dirisha langu liko upande huo. Ilipoanza kukuchapa ile mianzi, mdomo wangu ulifunguka, Mjomba, na Geng akanigeukia akaniuliza, "Unasemaje?" Nikamwambia naomba maji. Alinipa. Niliyanywa.

Mama Lian ameniambia kwamba uliishi siku kumi na moja baada ya kurudi, umelala kifudifudi, na kwamba siku ya mwisho uliomba usomewe insha, yoyote ile, na kila baada ya sentensi ulimwambia binti yako anyamaze kidogo ili ukisie inayofuata. Mbao za Pang zimechomwa. Mo ametoka na cheo chake. Vidole vitatu havikunjiki. Juzi alinisimamisha njiani akaniinamia, mimi, karani, akaniuliza kama nilikuwepo siku yule mzee alipoungama. Nilisema nilikuwepo. Akasema, "Hakuwa na sababu ya kuja. Nimewaza sana. Mtu haji mwenyewe hivyo." Alisubiri, kisha akaenda zake.

Kuna jambo moja ambalo hujawahi kulijua, na ndilo lililonileta.

Hakukuwa na rafiki. Hilo ulilijua tangu mwanzo. Lakini nilikuandikia kwamba mkono ulitangulia jicho, kwamba yalikuwa mazoea ya kufunika mistari, na nadhani ulikwenda Shiqiao ukiamini kwamba mafunzo yako ndiyo yaliyoniponza. Si kweli. Kipande cha karatasi nilikiacha kwa Mama, kama ulivyoagiza. Mstari wa Mo ulikuwa wazi mbele yangu. Niliusoma mara mbili. Alisema kwamba mtawala mwema hugawa nafaka na watu humsifu. Nikakumbuka dirisha la juu, na mtu aliyesimama dirishani. Mimi nilikuona, Mjomba. Nilikuona kabla Mama hajakuona. Na kwa wino mwekundu, kwenye karatasi ya mtu asiyenikosea kitu, niliandika nilichotaka wewe ukisome siku moja.

Ulikisoma. Ulikiwekea viduara viwili.

Mama ameshamaliza kung'oa majani. Mama Lian alikuwa ametandaza vyakula vyote kaburini na hakumtarajia Mama alete kitu. Mama amefungua kifurushi chake, akatoa mayai sita ya kuchemsha, akayapanga mbele yako ndani ya bakuli la bluu. Hakuna aliyemwomba.

Mpwa wako,
Wenqiao